Fidla na Ualimu wa Muziki: Maoni Yangu kuhusu Dhow Countries Music Academy, Zanzibar
Nilipohitimu shahada ya elimu ya muziki katika chuo kikuu kimoja cha bara, ambako wanafunzi sita tuligawana saa moja ya fidla kwa wiki, niliweza kueleza somo vizuri kuliko kupiga chombo chenyewe. Pengo hilo nilikuja kulijaza Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa mwaka 2002 mjini Zanzibar. Hapo mwalimu alikaa nami ana kwa ana, akinionyesha kwa mkono na kwa sikio jinsi fidla, kwa kuwa shingo yake haina vizuizi vya kugawa sauti, inavyoweza kutoa zile sauti za makamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) zinazoangukia katikati ya nusutoni, yaani kati ya sauti mbili zinazofuatana kwenye piano, ambazo bila hizo taarabu hupoteza ladha yake. Kisha fidla huketi pamoja na ala nyingine za nyuzi, udi na kanuni, na mpigaji hulazimika kuwasikiliza wenzake kabla ya kujisikiliza mwenyewe. Zoezi hilo, kwa mwalimu mtarajiwa, nalithamini kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Anayesomea shahada kwingineko, na anayetaka mkono wake wa uta ukomae, namshauri atenge miezi michache ya kuja hapa.