Ziara ya Magofu ya Kilwa Kisiwani: Huduma na Uhifadhi

Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni mahali ambapo mgeni anaiona kazi ya uhifadhi kwa macho yake. Kibali hukatwa Kilwa Masoko, kisha mashua humvusha mgeni hadi karibu na Gereza, ngome iliyokuwa ikimegwa na mawimbi. Kuta za kuzuia bahari na mikoko iliyopandwa ufukweni ni sehemu ya juhudi zilizowezesha magofu haya kuondolewa mwaka 2014 katika orodha ya urithi ulio hatarini, yalimowekwa mwaka 2004.

Kiongozi wetu, mwenyeji wa kisiwa, alitusimamisha chini ya kuba za Msikiti Mkuu akatuonyesha kwa kidole mahali chokaa ya zamani inapokutana na ya ukarabati. Maelezo hayo pekee yanatosha kuhalalisha nauli. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye birika la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari, lisiharakishwe hata kidogo. Ningependa wageni wapewe ramani iliyochapishwa, kwani nyumba za wanakijiji zimechanganyika na magofu na ni rahisi kukanyaga msingi wa kale bila kujua. Nendeni asubuhi, mkiwa na maji na viatu imara.