Gereji ya Mafinga iliyonishushia winchi iliyogandana na Massey 290: kufungua wako vizuri, kufunga simama mwenyewe

Wakuu habari za humu. Wenye matrekta ya kuvutia magogo pande za Mufindi hii inawahusu, hasa nyie wenye zile Massey 290 za zamani zenye winchi nyuma. Nimeshushiwa winchi kwenye gereji moja hapa Mafinga, iko upande wa mashine za kupasulia mbao, haina kibao wala jina, ukiuliza kwa mafundi wa skida (hizi mashine za kuvutia magogo) unaonyeshwa. Kwa kufungua kitu kilichogandana nawapa tano kwa tano, kwa kufunga nawapa tatu, bei tutaongea huko chini.

Trekta yenyewe injini haina neno, Perkins ile ukiipa oili safi haikusumbui. Shida winchi, Igland ya ngoma mbili za kukunjia waya, ilisimama porini msimu mzima wa mvua na mvua za Sao Hill mnazijua, zikishakolea hakuna chombo kinachoingia bondeni. Kuja kuwasha, ngoma ya kulia haizunguki kabisa, ya kushoto nayo inazunguka hata klachi hujaishika, yani umeachia kamba ya mkono lakini waya unaendelea kujivuta tu. Hiyo ndo mbaya zaidi maana kibarua akiwa bado anafunga mnyororo kwenye gogo anaondoka nalo. Hapo hamna kubahatisha, winchi ishuke ifunguliwe.

Kushuka sasa ndo ikawa ngoma nzito. Bolti zimekula kutu na kichwa cha propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye winchi, kimeshikana na meno ya shafti ya PTO (ile inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha vifaa) kama vimezaliwa pamoja, ile pini ya kubonyeza hata haicheki. Fundi wa kwanza aliyekuja porini (sio wa gereji hii) alikuja na nyundo kubwa na mtungi wa gesi, anataka apige shafti kwa kichwa, ikigoma akate. Nikamwambia kaka hapana. Ile shafti ukiitwanga nguvu yote inaenda kwenye beringi ndani ya trekta, na ukiikata umejipa kazi ya kufungua nyuma ya trekta, utafute shafti nyingine ya meno sita, sili (mpira wa kuzuia oili isivuje), halafu oili ya kumwaga sio kidogo kwa sababu kwenye Massey hizi gia na haidroliki zinakunywa tenki moja. Propela ni kitu cha kununua dukani, shafti ya trekta sio. Sasa kwa nini uue cha ghali kuokoa cha rahisi?

Nikalikokota hadi Mafinga. Fundi mkuu pale ni mzee mmoja mpole, aliangalia, akagusa gusa, akaniambia "Bosi, hapa gesi tuiache kwanza, sili iko jirani mno." Hilo neno tu likanifanya nikae. Vijana wakaosha eneo lote kwa dizeli na brashi ya waya mpaka vichwa vya bolti vikaonekana, wakamwagia oili ya kupenya, wakaacha ilale, kesho yake wakarudia. Nati zilizogoma walizipasha moto nati zenyewe, sio bolti, maana nati ikipanuka ndo inaachia. Studi moja ilikatika, sikushangaa, wakaitoboa katikati taratibu na drili mpaka ikatoka na meno ya hausingi yakabaki mazima, wakapitisha tepu ya kusafisha meno tu.

Kwenye propela ndo walinifurahisha. Badala ya kupigana na kichwa kilichogandana wakaanza na krosi, kile kiungo cha msalaba kinachoshika kichwa na propela, wakatoa sakilipu (vipete vya kuzuia), wakasukuma vikombe nje, propela ikaachana na kichwa chake na winchi ikawa huru. Wakaifunga kwenye cheni bloku iliyoning'inia kwenye bomba tatu zilizosimamishwa, bolti za mwisho hazikutolewa mpaka mnyororo umekaza, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupitisha hata mguu chini yake. Ile chuma ni mamia ya kilo wakuu, jeki na matofali msijaribu.

Kichwa kikabaki peke yake kwenye shafti. Pula, kifaa cha kuchomolea, ikawekwa, kichwa hakikusogea. Basi kijana mmoja akachukua grainda akachora mstari kwa urefu wa kile kichwa, anakata kidogo anaacha, anachungulia, anapuliza vumbi, anakata tena, akasimama kabla diski haijagusa meno ya shafti. Akaweka tindo kwenye ule ufa akagonga mara chache, mlio ukabadilika, tii, kichwa kikafunguka na kikachomolewa kwa mkono, ndani unga mwekundu wa kutu mtupu. Shafti haina hata mkwaruzo. Kazi kama ile nalipa bila kununa.

Winchi ilipofunguliwa, maji yalishaingia kwenye boksi la cheni, plate za klachi upande mmoja zimegandana na kutu na beringi ya ngoma imekufa. Beringi na sili walizipata Iringa kwa namba tu, hapo hakuna maajabu.

Sasa lawama. Bei ya kushusha walitaja laki nne tukashikana laki tatu na ishirini, lakini bili ya mwisho ikaja na oili ya kulowekea na diski za grainda pembeni, vitu ambavyo mi nilijua viko ndani ya hela ya kazi. Kesho njoo kesho njoo nazo zilikuwepo, beringi imeshafika na winchi bado iko chini. Halafu kwenye kufunga wanaanza haraka zao, walirudisha bolti zile zile zilizoliwa nikagoma mpaka nikanunua mpya za 8.8 (namba ya ugumu wa bolti), na propela mpya waliifunga bila kava. Nilipouliza kijana akasema "hilo huwa linasumbua tu, bosi". Kava la propela lisumbue wapi, ile inazunguka mara 540 kwa dakika, ikishika koti la mvua hujapata muda wa kupiga kelele. Lilirudishwa nikiwa nimesimama hapo hapo.

Kwa hiyo ukienda, patana kushusha peke yake na matengenezo peke yake, uliza kabisa oili na diski ni za nani, bolti nenda nazo, na meno ya PTO wapake grisi kabla propela haijavaa maana wakiwa na haraka wanaruka. Vifaa vya zamani omba ubaki navyo. Mzee mwenyewe mfuate asubuhi, mchana anakuwa porini kwenye skida za watu na wale vijana bila yeye siwezi kukushauri.