TAHADHARI: Fundi aliyekuhamishia picha huenda bado yumo kwenye imeili yako

Jamani, naandika na hasira imenikaba koo. Watakaocheka wacheke, hata mimi nilikuwa nawacheka wale waliolizwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Nilihitaji simu mpya haraka, siku hiyohiyo. Nikaenda Kariakoo. Na msiniambie nilikurupuka: duka lina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kijana ana adabu, ananiita mama, kanivutia kiti, kaniletea maji ya baridi. Adhana ya alasiri ilipolia akasema, "Mama nisubiri kidogo niswali." Mtu katoka kuswali, kanzu ina mkunjo wa magotini, wewe ungemdhania mwizi?

Aliporudi akasema, "Nikuhamishie namba na picha zako zote, bure kabisa." Akavuta kompyuta yake. Nitajie imeili. Nikataja. Neno la siri? Nikataja herufi kwa herufi, kwa sauti, jina la mwanangu wa kwanza na mwaka aliozaliwa, duka limejaa watu. Mara ile simu yangu ya zamani ikawaka, kioo kimepasuka lakini maandishi yanasomeka: je, ni wewe unayejaribu kuingia? Chini kuna Ndiyo na Hapana. Nikamuuliza, "Baba, hii nini tena?" Hata macho hakuinua. "Bonyeza Ndiyo tu mama, ndo inahamisha." Nikabonyeza. Kwa kidole changu mwenyewe! Google wananiuliza kama namjua anayeingia, mimi nawajibu namjua.

Na picha zilikuja kweli, zote, hadi za msiba wa baba. Nikamwachia elfu tano ya soda.

Wiki tatu baadaye mteja wangu wa Mwanza ananipigia, ananifokea: mzigo wake wa vitenge doti 12 uko wapi, mbona ametuma 480,000 kwenye "namba yangu mpya"? Namba mpya ipi? Akanisomea imeili. Imetoka kwangu. Anwani yangu, hata ile "ubarikiwe mpendwa" ninayomalizia nayo. Nililia kama mtoto.

Mpwa wangu ndiye aliyekuja kunifungua macho. Alishika simu, akaingia Mipangilio, Google, akaunti, Usalama, mpaka kwenye orodha ya vifaa vyako. Simu yangu ipo. Chini yake kompyuta ya Windows, Dar es Salaam, imeingia tarehe ileile niliyonunua simu. Mimi sina kompyuta! Akaibonyeza akaitoa hapohapo, tukabadilisha neno la siri. Nikadhani yameisha. Akasema shangazi ngoja, akafungua imeili kwenye kompyuta yake, kwenye mipangilio ya vichujio, maana hivyo kwenye app ya simu huvioni. Kulikuwa na kimoja: kila inayotoka kwa yule mteja iende kwenye taka moja kwa moja. Tukafungua taka. Zipo sita. "Dada nimeshatuma, thibitisha." "Dada mbona kimya?"

Huyu mtu afungwe. Dhamana asipewe, duka lipigwe kufuli, na aliyempangisha aitwe naye aeleze. RB (namba ya taarifa niliyofungua polisi) ninayo, na polisi nimewapa picha ya ile orodha ya vifaa. Laki nne na themanini za watu nazilipa mimi, kidogo kidogo, kwa sababu jina lililochafuka ni langu.

Mliowahi kuhamishiwa vitu kwenye duka hilo la Kariakoo, ghorofani, upande wa kulia ukimaliza ngazi, angalieni hiyo orodha usiku huu. Ukiona mashine usiyoijua, piga picha kwanza kabla hujaitoa, halafu nitafute. Mpaka sasa tuliolizwa tuko wawili.

Na lile kava alilonipa zawadi nimelitupa jalalani.