Uzoefu wangu na Buck Hill, kilima kisichofikia urefu wa KICC

Nianze na kipimo, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kutoka chini hadi kileleni, Buck Hill haifiki mita 100. Jengo la KICC pale Nairobi lina mita 105. Kilima chenyewe kiko Burnsville, kusini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ubavuni mwa barabara kuu ya I-35, na ukipita usiku wa Januari utaona mteremko mzima umewashwa taa, watu wanashuka kwa ski, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji, huku malori yakinguruma pembeni. Anayetafuta milima ya kwenye kalenda asije huku. Mimi nimekuja, nimerudi, na sasa kila msimu ukikaribia nakata tiketi ya msimu mzima mapema kabla fedha haijapata matumizi mengine.

Ni mzaliwa wa Mombasa, kazi yangu ni ya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa Minnesota, ambao theluji ya kwanza ikianguka tunajifungia ndani hadi Aprili, tunakunywa chai na kulalamika. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka binti yangu akapelekwa kuteleza na shule, akarudi anazungumza habari hiyo tu.

Wanaoanza, sikilizeni hili la vifaa. Buti za ski hazina utani: ni plastiki ngumu, zinabana kifundo cha mguu, na ukitembea nazo unatanguliza kisigino. Popote utakapokodi utaulizwa umri, urefu na uzito. Usipunguze uzito kwa kuona haya! Hizo namba ndizo zinazotumika kukaza kile kifungo kinachoshika buti, ili ukianguka ski iachie mguu na isikuvunje goti. Kichwani navaa mtandio mwembamba wa pamba, umekazwa vizuri, kisha helmeti juu yake. Ushungi mzito haukai, helmeti inapanda juu.

Sehemu ya wanaoanza ina mkanda unaokupandisha umesimama, na mteremko wake ni mpole. Hapo ndipo unafundishwa kupunguza mwendo: ncha za mbele za ski zinakaribiana, nyuma zinatanuka. Watoto huambiwa watengeneze piza. Ski zikiwa sambamba ni chipsi, na chipsi maana yake ni mbio. Binti yangu alikuwa mwalimu asiye na huruma. Wiki nzima ya mwanzo niliposhuka, kilima kizima kilimsikia: "Mama, piza! Piza, Mama!" Watu wazima wageni wakageuka kunitazama, na wengine nao wakatengeneza piza.

Lifti ya viti ndiyo iliyonitia hofu kuliko mteremko. Unasogea hadi kwenye mstari, unageuza shingo kutazama nyuma, kiti kinakuja na kukugusa nyuma ya magoti, unakaa. Hakikungojei sana. Kushuka ndiko kwenye kazi: ncha za ski juu, subiri ziguse theluji, simama, uache kiti kikusukume kidogo, kisha uondoke njiani upesi kwa sababu wenzako wako nyuma yako. Ukishaizoea, zile dakika chache angani ndizo za mapumziko. Nimeongea pale na mafundi bomba, na walimu, na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu aliyenipita kwenye mteremko bila hata kujitahidi.

Sasa, kwa nini nimekipenda kilima hiki kiasi hiki? Jibu langu ni ufupi wake. Tulikwenda Colorado pia, tukachangishana na jirani zangu, kwenye mlima mmoja mkubwa ambao mandhari yake kwa kweli yanatoa machozi. Lakini pumzi ilikuwa inakata kwa ule urefu, ramani ilikuwa pana kama shuka, na sehemu kubwa ya siku iliishia kwenye lifti na kutafutana. Hapa nashuka, na kabla sijasahau nilikosea nini kwenye kona nimeshafika juu tena kuirudia. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Kwa mtu aliyeanza akiwa amepita miaka 40, hiyo bahari inatosha kuogelea.

Na si wanafunzi wakubwa kama mimi tu. Lindsey Vonn alijifunza mbio za ski hapa hapa akiwa mtoto, chini ya kocha kutoka Austria, Erich Sailer. Mwaka 2010 kule Vancouver akawa Mmarekani wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kushuka, na alipostaafu 2019 alikuwa na ushindi wa mbio 82 za Kombe la Dunia la ski. Vijana wa mbio bado wanatumia ile kamba inayovuta: unaishika, inakukokota hadi juu upesi, unashuka kati ya vijiti, unaishika tena. Jioni moja wanapita mara nyingi kuliko wanavyoweza kupita mlima mkubwa siku nzima. Kamba hiyo inakula glavu, kwa hiyo za sufu ziacheni nyumbani.

Kwa wale watakaoniambia ski si michezo yetu: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, alishindana kwa bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, katika ski hizi hizi za kushuka. Kilifi, jamani! Na kabla yake Philip Boit alikuwa Nagano 1998 kwenye zile ski za masafa marefu. Mimi sishindani na mtu, lakini hoja hiyo naomba tuizike.

Kasoro? Zipo. Mwenye ujuzi mkubwa atakizunguka kilima chote mapema akaanza kutafuta kingine. Theluji kwa sehemu kubwa ni ya mashine zinazorusha maji na hewa kwa shinikizo, na hali ya hewa ikipata joto kisha ikaganda usiku, asubuhi unateleza juu ya barafu inayokwaruza masikioni. Halafu kuna baridi yenyewe. Ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, kope zinashikana, na mimi huwa siendi, hata nikiwa na tiketi.

Kilichonishangaza ni Ramadhani. Miaka hii imeangukia mwishoni mwa majira ya baridi, na kwa kuwa kuna taa, tulikuwa tunafuturu nyumbani, tende, uji na viazi karai, tunaswali Magharibi, kisha tunawahi saa moja na nusu ya usiku kwa kuteleza kidogo kabla ya tarawehe. Mama yangu kule Kisauni alipoona video alishika kichwa.

"Mwanangu, huo mlima wa barafu unakudai?"

"Si mlima, Mama. Ni kilima tu."

"Basi kama ni kilima tu, mbona huachi?"

Sijampa jibu la maana. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya baridi, si ya kilima. Ukitaka kujaribu, njoo jioni ya siku ya kazi badala ya Jumamosi mchana, anza na somo la kikundi, vaa soksi moja ndefu na si mbili, maana ya pili inakunja na kuumiza. Jozi ya pili iwe ya glavu, na iwe kavu.