Tulivyojenga Mapango ya Amboni ndani ya Luanti: uzoefu wangu wa kufundisha lugha na darasa la Ujerumani

Nafundisha Kiingereza kidato cha pili hapa Tanga. Muhula mzima nimekuwa nikitumia Luanti kuwakutanisha wanafunzi wangu na darasa la chuo huko Ujerumani linalojifunza Kiswahili. Naandika kwa ajili ya mwalimu anayejiuliza kama jambo hili linawezekana kwenye shule yenye kompyuta chache na intaneti ya kubahatisha. Linawezekana, na mimi sitaki tena kurudi kwenye muhula usio na kitu hiki.

Luanti ni programu ya bure ya kujenga ulimwengu pepe wa matofali. Mpaka Oktoba 2024 ilikuwa ikiitwa Minetest, kwa hiyo ukikuta maelezo ya zamani yenye jina hilo, ni kitu kilekile. Haichagui kompyuta, hata kongwe inaifungua. Sisi tunazo 12, wanafunzi wawili wawili: mmoja anashika kipanya, mwenzake anaandika, katikati ya kipindi wanabadilishana. Wiki tatu za mwanzo hatukugusa intaneti kabisa. Niliwasha seva kwenye kompyuta yangu, wengine wakaingia kwa mtandao wa ndani ya maabara, wakatembea, wakachimba, wakavunjiana kuta mpaka wakazoea. Usiruke hatua hii. Mtoto anayehangaika kutafuta namna ya kupanda ngazi hana nafasi ya kufikiria maneno.

Kazi tuliyopanga ni kujenga Mapango ya Amboni. Yako kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, mawe ya chokaa, giza na popo. Wanangu wengi wameshaingia. Wajerumani hawajawahi kuyaona, basi kila kona ilibidi waelezwe. Tulikubaliana nusu ya kwanza ya kipindi iwe Kiingereza kitupu, nusu ya pili Kiswahili kitupu.

Darasani nimezoea kufundisha neno la Kiingereza la "nyuma ya" kwa kuweka kitabu nyuma ya kiti. Wanaitikia wote, kesho yake wamesahau wote. Humu, mwanafunzi akiandika "mbele" badala ya "nyuma", Mjerumani anasimamisha nguzo katikati ya njia na watu wanashindwa kupita. Kosa linaonekana kwa macho, na wa kulirekebisha ni yeye mwenyewe, kwa Kiingereza hichohicho, maana nusu hiyo ya kipindi ni Kiingereza kitupu.

Upande wa Kiswahili ndio ulionifundisha hata mimi. Kijana mmoja wa kule aliandika: "Popo wako hapa pango." Binti mmoja, ambaye darasani sijawahi kumsikia akijibu swali bila kutajwa jina, akamwandikia: "Uko ndani. Sema popo wamo humu." Yule akauliza, "Na nikitoka nje?" Akajibiwa, "Toka kwanza." Akatoka, akasimama kwenye mdomo wa pango. "Sasa sema wamo mle." Basi kijana akawa anaingia na kutoka, humu, mle, humu, mle, darasa zima linamtazama kwenye skrini. Mimi nimeandika hapa, huku na humu ubaoni miaka yote, na sijawahi kuona mtu akizielewa haraka namna ile.

Faida nyingine ni kwamba mazungumzo yote yanabaki. Mwalimu mwenzangu wa kule hunitumia maandishi ya kila kipindi, nami nayasahihisha pamoja na wanafunzi. Ni Kiingereza chao wenyewe, si cha kitabuni.

Ila ujue Luanti yenyewe haina njia ya kuongea kwa sauti. Watu wanaandikiana tu. Kwa matamshi tunarekodiana kwenye simu, na hiyo ni kazi ya pembeni. Pia mara ya kwanza kuingia kwenye seva ya mbali, kompyuta hupakua kwanza picha na sauti zinazotumika mle. Bando langu liliisha kabla hawajaingia wote. Siku hizi nafungua mapema, kompyuta moja baada ya nyingine.

Na angalieni saa. Tulikuwa tukikutana saa nane mchana, kwao saa sita. Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya husogeza saa mbele, sisi hatusogezi, na hakuna aliyekumbuka. Wiki ile tuliingia saa nane yetu, hakuna mtu. Kwenye mdomo wa pango palikuwa na kibao kipya: "Tumewangoja sana. Tumekwenda kula. Popo wamo mle."

Wanangu walisikitika. Yule binti akasoma mara mbili, akageuka. "Mwalimu, ameandika mle. Kibao kiko nje."