Uzoefu wangu: video za Khan Academy kwenye somo la baiolojia

Nafundisha baiolojia kidato cha pili, shule ya kata, na mada ya mzunguko wa damu ndiyo iliyonisukuma kwenye video za mtandaoni. Mchoro wa moyo ubaoni una shida yake. Mishale unaipa namba, basi mwanafunzi anaamini upande wa kulia husukuma kwanza, ukimaliza ndipo wa kushoto uanze. Kumbe ventrikali zote mbili (vyumba vya chini vya moyo) hukaza kwa pamoja, moja ikipeleka damu kwenye mapafu na nyingine mwilini. Chaki haiwezi kuonyesha "kwa pamoja". Video inaweza.

Khan Academy, tovuti ya masomo ya video, ni bure, na mafunzo yake mengi huchorwa hatua kwa hatua huku mwalimu akieleza, kwa hiyo jicho halipotei. Kazi ipo kwenye lugha. Kiingereza cha Kimarekani ni kigumu kwa mtoto aliyemaliza darasa la saba juzi tu kwa Kiswahili. Mimi huzima sauti nikasimulia mwenyewe, nikichanganya lugha kama kawaida yetu (mthibiti ubora asinisikie).

Walimu wenzangu, msiiache video iende mfululizo. Isimamishe ventrikali ya kushoto ikiwa imejaa, kisha uliza: vali ipi ifunge sasa, na kwa nini? Mabishano yanayofuata ndiyo somo lenyewe. Ukiicheza hadi mwisho watatikisa vichwa kwamba wameelewa, halafu kwenye zoezi unakuta ateri ya mapafu imepakwa rangi nyekundu ya damu yenye oksijeni, eti kwa sababu ni ateri, wakati yenyewe hubeba damu isiyo na oksijeni ya kutosha.

Kuhusu bando, napakua nyumbani usiku na kuhamishia kwenye flashi. Kutegemea intaneti kipindi kikiwa kinaendelea ni kujitafutia presha. Shule yenye kompyuta iangalie Kolibri, programu ya bure inayobeba video hizohizo za Khan Academy na kuzigawa kwa vifaa vilivyo karibu bila intaneti. Projekta nayo inataka giza, kwa hiyo andaa vitenge vya madirishani mapema. Na mchoro wa ubaoni uwe tayari, maana umeme hauna adabu.

Situmii video kila mada. Kwa uotaji wa mbegu siwashi hata projekta: maharage, pamba yenye maji na kopo vinatosha, na wanafunzi wanaona kitu chenyewe.