TAHADHARI: Fundi anayebandika kikombe kipya cha kamba juu ya kibovu

Ndugu zangu mnaopanda mawimbi, hasa wenye mbao za zamani: mimi nimeshapigwa, na huyu jamaa bado anatafuta wateja.

Ubao wangu ni wa siku nyingi, umeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Kile kikombe kidogo cha plastiki kilichozama karibu na mkia, chenye kipini cha chuma ndani pa kufungia kamba ya mguuni, kilipasuka, kipini kikabaki kinacheza. Nikampata fundi mtandaoni. Picha safi, maneno matamu, na ahadi iliyonifurahisha mjinga mimi: "Lete asubuhi, chukua mchana." Hela yote alitaka kabla hajaugusa ubao. Nikatoa.

Nilipoufuata, kikombe kipya kinameta, kimezungushiwa duara la rangi nyeupe pee. Nikauliza, rangi ya nini? "Urembo tu, kaka."

Siku ya kwanza majini, wimbi la tatu, nikaanguka. Kamba ikakaza, halafu ikalegea ghafla. Nikaibuka naburuta kamba yenye kikombe kipya kinaning'inia mwishoni, na ubao unakimbilia ufukweni peke yake, kule watoto wanakochezea maji. Haukumgonga mtu. Ni bahati tu.

Nyumbani nikawasha tochi nikachungulia tundu. Kikombe cha zamani kilikuwa bado kimo! Kumbe alikisaga kipya kikawa kifupi, akakipachika juu ya mabaki, akamimina ile rezini (gundi ya majimaji inayogeuka ngumu) inayokaushwa na jua, akafunika uchafu wote kwa rangi. Rezini hiyo hukauka pale mwanga unapofika tu. Juu ilikuwa ngumu kama kioo. Nilipotia kijiti chini kikatoka na uji unaonata kama asali. Povu la pembeni, lile gumu linalojaza ubao kwa ndani, nikilibonyeza kwa kidole linatoa maji ya chumvi. Huko ndiko kulipua kazi.

Kazi hii ikifanywa kwa haki, kikombe kibovu hukatwa chote kwa msumeno wa kutobolea tundu la duara na kutolewa. Povu likiwa limelowa linaachwa likauke, siku au hata wiki. Kisha tundu linajazwa rezini iliyochanganywa na nyuzi za faibaglasi zilizokatwakatwa, kikombe kinazamishwa mdomo ukiwa umezibwa kwa tepu, juu kinalazwa kitambaa cha faibaglasi, ndipo msasa. Rezini ya haraka ipo, sikatai, lakini povu lililolowa halina haraka.

Na kuna jambo ambalo hakuniuliza kabisa: ubao una povu gani? Wangu ni wa poliyurethani, kwa hiyo nilinusurika. Ungekuwa wa polistirini, halafu akamimina rezini ya poliesta, povu lingeyeyuka na kuacha pango ndani ya ubao. Hiyo polistirini inataka rezini ya epoksi. Fundi akikwambia "yote ni yaleyale", beba ubao wako uondoke.

Nilimtumia picha. Kwanza akasema kamba yangu ni nzito mno. Nikamtumia picha ya kikombe cha zamani kikiwa mle mle ndani, akanifungia. Nikarudi kuzitazama picha zake za "kazi" kwa utulivu: ubao uleule, mkwaruzo uleule, umegeuzwa tu kushoto kwenda kulia. Ningeyaona haya mapema kama nisingekuwa na pupa ya kurudi majini.

Ukipeleka wako popote, dai picha ya tundu likiwa wazi, kabla halijajazwa. Kataa rangi, unataka kuona nyuzi za kitambaa chini ya rezini. Bakiza hela. Na kabla ya kumalizia malipo, pitisha kamba imara kwenye kipini, mtu aukandamize ubao chini, wewe uvute kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote. Akianza kuguna "taratibu, taratibu", umeshapata jibu.

Wangu sasa umeegemea ukuta kivulini, mkia chini, tundu wazi. Kila asubuhi nasokota karatasi ya chooni na kuichomeka humo. Leo imetoka na unyevu kwenye ncha tu.